Joto la jikoni lipimwe kuanzia chanzo hadi chunguni

KWA muda mrefu mjadala wa nishati ya kupikia nchini umezunguka mambo mawili: bei na mazingira. Mkaa umepanda, mtungi wa gesi umeshuka au umepanda, misitu inakwisha. Yote hayo ni ya msingi. Lakini lipo swali la tatu ambalo mama lishe wa Soko la Majengo mjini Dodoma, mpishi wa shule ya bweni wilayani Kongwa na mwenye tanuri la mikate pale Mpwapwa hukutana nalo kila jioni wanapofunga kazi, na ambalo halijapewa uzito unaostahili. Je, kesho asubuhi joto litakuwepo?

Bei kubwa mfanyabiashara anaweza kuihimili kwa namna fulani. Atapunguza kipimo cha wali, ataongeza shilingi kidogo kwenye sahani au atakubali faida ndogo kwa wiki mbili. Siku ambayo hakuna moto kabisa hana la kufanya. Nyama aliyokwisha kuinunua inaharibika, vibarua wanadai ujira wao, na wateja wanahamia kwa jirani, pengine wasirudi tena. Kwa shule ya bweni mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa wanafunzi mia kadhaa hawawezi kuambiwa waje kula kesho kutwa.

Swali hili limekuwa zito zaidi katika miaka ya karibuni kwa sababu mbili. Kwanza, mji umekua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya mwaka 2022, baada ya Serikali kuhamia na mji kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, ilihesabu watu 765,179. Walaji wameongezeka karibu mara mbili katika nyanda kavu ambazo miti yake hukua polepole. Pili, Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 nazo zilielekezwa kuachana na kuni na mkaa kwa awamu. Lengo ni jema na halina budi kuungwa mkono. Hata hivyo, kuhama kutoka nishati moja kwenda nyingine ni kuhama kutoka mnyororo mmoja kwenda mwingine, na kila mnyororo una kiungo chake dhaifu.

Hesabu ya viungo

Wahandisi wa nchi za baridi wana uzoefu mkubwa na jambo hili. Katika miji ya Urusi, Finland na Denmark, nyumba nyingi hupata joto kwa maji ya moto yanayosafirishwa kwa mabomba kutoka mtambo mmoja mkubwa. Mtambo ukisimama wakati wa baridi kali, maisha ya watu yanakuwa hatarini. Kwa sababu hiyo, wahandisi hawaishii kuuliza kama mtambo ni mzima. Wanapima njia nzima: ghala la mafuta, mtambo wenyewe, pampu, mabomba, hadi chumbani kwa mlaji. Mfumo unahesabiwa kuwa wa uhakika pale tu mlaji wa mwisho anapopata joto.

Dodoma haina mabomba ya maji ya moto wala haiyahitaji, lakini hesabu yao inafaa hapa bila kubadilishwa. Mfano mzuri ni mkaa, ambao bado ndio nishati ya mama lishe wengi. Una viungo vitano: mti pamoja na kibali cha kuuvuna, uchomaji katika tanuri, usafiri kutoka kijijini, mfanyabiashara wa jumla na muuzaji wa mafungu mtaani. Ichukuliwe kwamba kila kiungo hufanya kazi vizuri siku 95 katika kila siku 100. Ukikitazama kimoja kimoja, kila kiungo kinaonekana imara. Lakini ili moto uwake ni lazima vyote vitano viwe sawa siku hiyo hiyo. Ukizidisha asilimia 95 kwa yenyewe mara tano unapata asilimia 77. Maana yake ni kwamba katika siku 100, siku 23 hivi mlaji atakosa mkaa, ataupata kwa kuchelewa au atalazimika kuutafuta mbali.

Hesabu hiyo ni ya mfano tu, lakini somo lake ni la kweli: mnyororo ukiwa mrefu, uhakika unapungua hata kama hakuna kiungo kibovu. Wakulima wanalifahamu hili. Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo mchomaji wa Chamwino au Bahi yuko shambani akipalilia mtama na uwele, kuni ni mbichi, tanuri la udongo linalowa na njia ya kutoka porini haipitiki kwa lori. Viungo vitatu vinalegea kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mkaa huadimika wakati wa mvua hata pale ambapo miti ipo.

Dawa ya mnyororo mrefu ni kuwa na mnyororo wa pili. Mama lishe huyo akiwa na jiko la gesi ambalo mtungi wake hupatikana siku 80 katika 100, zile siku 23 zisizo na mkaa zitaokolewa kwa sehemu kubwa, na zitabaki siku tano hivi za kukosa vyote viwili. Gesi yake ina uhakika mdogo tu kuliko ule ambao watu hudhani, lakini imepandisha uhakika wa jiko zima kutoka siku 77 hadi karibu 95. Hata hivyo, hesabu hii inasimama kwa sharti moja ambalo husahauliwa: minyororo hiyo miwili isipite katika kiungo kimoja.

Bandari mbili, barabara moja

Hapa ndipo penye kasoro ya mpango wa gesi kwa mikoa ya kati. Wananchi wengi huamini kwamba gesi ya mitungi inatoka Songo Songo au Mnazi Bay. Sivyo. Gesi asilia ya visima hivyo husafirishwa kwa bomba na kutumika zaidi kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Gesi inayojazwa kwenye mitungi ni ya aina nyingine, na huagizwa kutoka nje kwa meli. Hupokelewa Dar es Salaam na Tanga.

Kwa kutazama haraka, nchi ina milango miwili, na mmoja ukifungwa upo wa pili. Lakini lori linalotoka Tanga kwa njia iliyozoeleka hupita Segera na Chalinze, likaingia Morogoro na kushika barabara ile ile ya Gairo hadi Dodoma inayotumiwa na lori la kutoka Dar es Salaam. Kwa mlaji wa Dodoma bandari ni mbili, barabara ni moja. Mwanzoni mwa Machi 2020 maji ya mvua yalibomoa daraja la Kiyegeya wilayani Gairo, na mamia ya magari yakakwama. Njia za kuzunguka zipo, ya Iringa kupitia Mtera na ya Babati kupitia Kondoa, lakini ni ndefu na gharama yake humwangukia mnunuzi.

Reli nayo haijawa kimbilio la uhakika wakati wa mvua. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu vibaya reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, na huduma zikasimama kwa miezi kadhaa. Reli hiyo hufuata bonde la mto Mkondoa, hivyo mvua kubwa za ukanda huo huitishia kama zinavyoitishia barabara.

Kwa hiyo shule inayonunua gesi kwa mawakala wawili wenye mitungi ya rangi tofauti isijidanganye kwamba ina vyanzo viwili. Wakala mmoja akiishiwa, wa pili anaweza kusaidia. Daraja likikatika, wote wawili wameishiwa. Kama barabara imefungwa siku tano katika 100, hakuna idadi ya mawakala itakayoifanya shule hiyo ipate gesi mpya zaidi ya siku 95.

Somo la mwaka 2006

Wapo wanaosema umeme ndio jibu, na hoja yao ina nguvu kuliko zamani. Sufuria la umeme la presha huivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi mapema mwaka 2024, na limeondoa sehemu kubwa ya upungufu uliosababisha mgawo wa mwaka 2023. Hata hivyo, gridi nayo ni mnyororo. Aprili 2024, huku mtambo wa kwanza wa bwawa hilo ukiwa umekwisha kuanza kazi, hitilafu katika gridi ya Taifa iliziacha sehemu kubwa za nchi bila umeme kwa saa kadhaa. Maji yalikuwepo bwawani. Kiungo kilichokatika kilikuwa kingine.

Yaliyotokea mwaka 2006 yanafaa kukumbukwa na kila anayepanga nishati ya nyanda za kati. Mapema mwaka huo, ukame ukiwa umeshika nchi, Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa kwa wiki kadhaa ili kunusuru misitu. Kwa hesabu ya haraka, wenye majiko ya umeme walipaswa kuwa salama. Lakini ukame huo huo ulikuwa umelishusha bwawa la Mtera, lililoko mpakani mwa Dodoma na Iringa, hadi chini ya mita 690 kutoka usawa wa bahari, ambacho ndicho kina cha chini cha kuendeshea mitambo. Mtera ina megawati 80, na maji yake ndiyo yanayoshuka kwenda kuendesha megawati 204 za Kidatu. Nchi ikaingia katika mgawo mkali wa umeme. Mkaa na umeme, vitu visivyofanana kwa lolote, vilipungua katika kipindi kimoja kwa sababu moja.

Basi katika kuchagua nishati ya akiba, swali la msingi ni hili: kitakachoangusha nishati ya kwanza kitaiangusha na ya pili? Mwenye mkaa na umeme ajiulize kuhusu ukame. Mwenye gesi pekee ajiulize kuhusu barabara. Mwenye mtambo wa gesi ya samadi, teknolojia ambayo CAMARTEC imekuwa ikiieneza kwa wafugaji, ajiulize kuhusu maji, kwa sababu mtambo huo huhitaji maji karibu sawa na kinyesi, na Dodoma kuanzia Juni hadi Novemba maji ni ya kugombea. Mtambo unaofanya kazi vizuri Arusha unaweza kulala njaa Bahi.

Akiba na jiko banifu

Kwa mlaji mdogo, kinga iliyo rahisi kuliko zote ni akiba. Kanuni yake ni nyepesi: matumizi ya siku moja zidisha kwa siku nyingi zaidi ambazo umewahi kusubiri mzigo. Mama lishe anayetumia kilo nne za mkaa kwa siku, na ambaye msimu uliopita wa mvua alisubiri hadi siku 10, anahitaji kilo 40 mahali pakavu kabla ya Desemba. Shule inayomaliza mtungi wa kilo 38 kila baada ya siku mbili, na ambayo wakala wake aliwahi kuchelewa siku nane, inahitaji mitungi minne iliyojaa siku inapoagiza mingine. Mitungi hiyo ikae imesimama wima, nje, mahali penye hewa, mbali na moto na mbali na bweni.

Wengi hawaoni kuwa jiko zuri nalo ni akiba. Jiko la kawaida la mkaa hufikisha chunguni takriban sehemu moja ya tano ya joto lililomo katika mkaa. Jiko banifu lililotengenezwa vizuri, lenye udongo uliochomwa ndani yake, linaweza kufikisha karibu sehemu tatu za kumi. Kwa tofauti hiyo, kilo 40 zilizokuwa za siku 10 zinakuwa za siku 15. Barabara ile ile, mchomaji yule yule, lakini mama lishe ameongeza siku tano za usalama bila kununua gunia la ziada.

Kwa upande wa gesi, jiko lake hufikisha zaidi ya nusu ya joto, na kilo moja ya gesi ina joto kubwa kuliko kilo ya mkaa. Kwa makadirio, kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo nne za mkaa kwenye jiko la kawaida. Mtungi wa kilo 15 ni sawa na kilo 60 za mkaa, na hauharibiwi na mvua. Kama kitu cha kuweka akiba, gesi haina mpinzani. Udhaifu wake uko njiani, ndiyo maana thamani yake inapanda pale inapohifadhiwa karibu na mlaji.

Mkulima si mlaji tu

Katika mjadala huu mkulima huonekana kama mharibifu wa msitu au mnunuzi wa mtungi. Anaweza kuwa muuzaji wa joto, na mnyororo wake ndio mfupi kuliko yote. Mashina ya mbaazi baada ya kuvuna ni kuni nzuri za familia. Magunzi ya mahindi, maganda ya karanga na makapi ya alizeti yanayobaki kwenye mashine za kukamua mafuta yanaweza kutengenezwa mkaa mbadala hapo hapo wilayani. Tangu mwaka 2018 LEAD Foundation ikishirikiana na Justdiggit imekuwa ikihamasisha wakulima wa Dodoma kutunza visiki hai, yaani kuchagua machipukizi yenye afya kwenye kisiki kilichopo shambani na kupogoa mengine. Matawi yanayopogolewa ni kuni zinazorudi kila mwaka bila kung'oa mti.

Kuni hizi zichomwe kama kuni, kwenye jiko banifu. Katika tanuri la kienyeji, kilo 100 za miti mikavu hutoa mkaa wa kilo 15 hivi, na sehemu kubwa ya joto hupotelea porini kabla ya safari kuanza. Kwa familia ya kijijini, kugeuza kuni kuwa mkaa ni kuongeza kiungo na kupoteza joto kwa wakati mmoja. Mwenye nia ya kuuza apite kwanza ofisi ya misitu ya wilaya aulize habari za kibali na ushuru, kwa sababu mzigo unaokamatwa njiani ni kiungo kilichokatika kama daraja.

Nini kifanyike

Mosi, mafanikio ya nishati safi yapimwe kwa siku ambazo chungu kilipata joto, si kwa mitungi iliyogawiwa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umefanya kazi nzuri kusambaza mitungi kwa bei ya ruzuku. Lakini mtungi wa kwanza ni kiungo cha kwanza tu. Kama kijiji kilichopokea mitungi 200 kinaifuata gesi ya pili umbali wa kilometa 40, mitungi hiyo itageuka viti. Kila ugawaji uambatane na duka la kujazia au kubadilishia mtungi katika kata husika.

Pili, kampuni za gesi zijenge maghala ya kutosha Dodoma kwenyewe, na mamlaka zinazotoa leseni zizingatie siku ambazo mkoa unaweza kujitegemea barabara ya Gairo ikifungwa. Kwa mji mkuu wa nchi, wiki mbili si jambo la kuombea.

Tatu, shule, magereza na hospitali zinapobadili majiko, kila moja iandike kwenye karatasi moja viungo vyote kuanzia chanzo hadi chunguni, na ioneshe nishati yake ya pili haipiti kwenye kiungo dhaifu cha ile ya kwanza. Gesi kwa kazi kubwa na umeme kwa maharage na chai ni mchanganyiko unaofaa kwa shule nyingi zilizounganishwa na gridi. Kuvunja majiko banifu ya zamani siku ile ile mitungi inapofika ni kukata kamba kabla ya kujua kama daraja linabeba.

Nne, wafanyabiashara wadogo wasisubiri mpango wa mtu mwingine. Kuanzia msimu ujao kila mmoja aweke alama kwenye kalenda ya ukutani kwa kila siku aliyokosa nishati au kuipata kwa kuchelewa, na aandike sababu: mvua, muuzaji, umeme au fedha. Ikifika Aprili atakuwa na takwimu zake mwenyewe, na atajua kama shilingi yake ya kwanza inunue jiko banifu, mtungi wa pili au gunia la akiba.

Serikali ina haki ya kuwataka wananchi waache mkaa. Wananchi nao wana haki ya kuuliza kama kinachoutoa mkaa jikoni kitafika kila siku, Januari penye matope na Oktoba penye vumbi. Jibu la swali hilo halipatikani bandarini wala kwenye sherehe za ugawaji. Linapatikana jikoni, saa kumi na moja alfajiri, wakati wa kuwasha moto.